Siku Niliyosugua Mikwaruzo ya Fundi

Siku mashine yetu ya kusaga ilipofunguliwa mara ya pili, tulikuwa watu watano ndani ya kibanda, ukiacha wateja waliokuwa nje wamekalia magunia yao. Nilikuwapo mimi, mwenye mashine kwa kuitwa tu. Alikuwapo binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye mwenye mashine kwa kazi, maana tangu baba yake atutoke yeye ndiye anayeiwasha asubuhi na kuizima jioni. Alikuwapo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, shamba lake na langu yamegawanywa na mstari wa mkonge tu. Alikuwapo mama mmoja Mmasai wa juu Ngorongoro. Huyo hatuna naye undugu wa damu, lakini punda wake wamekuwa wakilala uani kwangu na yeye ndani kwangu tangu wanetu wakiwa wadogo, kila anaposhuka kununua mahindi na kusaga. Wa tano alikuwa fundi, mzee wa Karatu mjini, Mwislamu, asili yake Kondoa, mwenye duka la spea na karakana ndogo uani nyuma ya duka. Ndiye aliyeifunga mashine hiyo siku marehemu mume wangu alipoileta juu ya trekta la kuazima.

Majina yao ninayo yote kichwani, mpaka ya wale punda wanne. Siyaandiki kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na aibu ndani yake, na fungu kubwa la aibu lilikuwa langu. Sioni haki ya kuanika majina ya watu juu ya kamba ya aibu yangu. Waliokuwapo watajijua.

Sisi tunakaa Daa, huku vijijini Karatu, ng'ambo ya korongo. Wenzetu wa barabarani umeme umewafikia, na wana mashine ya umeme inayolia kama nyuki. Ya kwetu bado ni ya dizeli, silinda moja, ina gurudumu zito ubavuni, na mlio wake ni tu-tu-tu, unasikika mpaka bondeni. Marehemu alikuwa akisema mlio huo ndio unaomwambia kama nyumbani ni wazima. Akiwa shambani akiusikia, anaendelea kulima. Ukikatika kabla ya wakati, anaegemeza jembe na kusikiliza.

Sasa niwaeleze mashine ilivyo ndani, maana bila hilo hamtaelewa nilifanya nini. Mimi mwenyewe sikuyajua haya mpaka uzeeni. Ndani kuna bomba nene la chuma wanaloliita laina. Ndani ya laina kuna pistoni, kama kopo zito lililofunikwa, inapanda na kushuka kutwa nzima. Pistoni imevaa ringi kiunoni, kama bangili, na hizo ringi ndizo zinazogusana na ukuta wa laina. Kati ya ringi na ukuta kuna mafuta, utando mwembamba kuliko ngozi ya maziwa. Utando huo tu ndio unaozuia chuma kisile chuma. Basi, hiyo ndiyo mashine. Mengine yote ni ya kuusaidia utando huo.

Mwaka huo mashine ilianza kuchoka. Kuiwasha ilikuwa vita. Binti yangu anazungusha hendeli mpaka kitenge kinamdondoka kiunoni. Tukampigia fundi, akaja na pikipiki ya kukodi, mfuko wake wa vifaa amempa dereva aubebe kifuani kama mtoto.

Alipotoa pistoni na ringi, ringi zilikuwa zimelika. Lakini hakuzitazama sana. Aliingiza mkono ndani ya laina, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba, polepole, kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha kumpa, nikasimama nacho. Sijawahi kuona mtu akikisikiliza chuma namna ile. Alikuwa kama mama anayepima homa ya mtoto kwa mgongo wa mkono.

"Imekuwa kioo," akasema.

Mimi nikafurahi, nikadhani ameisifia.

Kisha akachukua msasa, akauloweka kwenye mafuta ya taa, akauzungushia kwenye kipande cha mti, akaanza kuupitisha ndani ya laina huku akipanda nao na kushuka na kuuzungusha kwa pamoja. Alifanya hivyo muda mrefu, jasho linamtiririka chini ya kofia. Alipomaliza aliifunika laina kwa kitambaa.

"Vumbi lisiingie," akamwambia binti yangu. "Naenda mjini kufuata ringi na gasketi. Kesho kutwa nipo, inshallah."

Hakutuambia tusiguse. Nani angefikiri kuna wa kugusa?

Alipoondoka nikafunua kitambaa. Nikaangalia. Ule ukuta uliokuwa uking'aa ulikuwa umejaa mikwaruzo, imepishana huku na huku, kama nyuzi za kikapu. Moyo ukaniuma. Nikasema peke yangu, maskini mzee wa watu, mikono inamtetemeka siku hizi, tazama alivyoikwaruza. Na nilijua shemeji yangu atapita kesho au kesho kutwa, na yule macho yake hayapitwi na kosa la mtu. Atamsema fundi kijiji kizima. Nikaona nimfichie.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Sikufanya kwa ubishi. Nilifanya kwa kumpenda.

Na usafi, mnaonijua mnajua. Mama mkwe wangu alikuwa akiinua sufuria na kuielekeza kwenye jua, na akiona doa moja anairudisha kimya, bila neno, na ule ukimya ulikuwa unachoma kuliko tusi. Nililelewa ndoa yangu yote hivyo. Kwetu chombo alichokishika mgeni hakirudi kwake na alama. Kesho yake binti yangu alikwenda mnadani. Nikachukua misasa ya marehemu ya useremala, ile iliyochakaa mpaka imekuwa laini kama karatasi, nikakaa kwenye kigoda mbele ya mashine. Nilisugua asubuhi. Nikala kiporo, nikarudi, nikasugua kwa jivu lililochekechwa na kitambaa cha pamba. Niliivaa ile laina mkononi kama mkono wa gauni. Jioni mikwaruzo haikuwapo tena, na nikichungulia niliona jicho langu mwenyewe linaniangalia kutoka ndani. Nikaisafisha, nikaipaka mafuta isishike kutu, nikaifunika vilevile.

Fundi alirudi siku aliyoahidi, na mvua ikamfuata. Kibandani giza, bati linapiga kelele, wateja wamejazana mlangoni na magunia yao yasilowe, kila mtu anauliza, bado tu, fundi?

Akafunua. "Nani kapaka mafuta?"

"Mama," binti yangu akajibu.

"Vizuri, dada," akaniambia. "Chuma kitupu kinashika kutu usiku mmoja."

Akaivika pistoni ringi mpya, akafunga. Hakupitisha ukucha. Nilimwona hakupitisha, nami sikujua kwamba ilipasa.

Mashine ikawaka kwa mara ya pili tu ya kuzungusha, watu wakapiga vigelegele, nami nikajiona nina sehemu katika vile vigelegele.

Basi haikupita wiki moja moshi ukaanza kutoka wa rangi ya bluu. Binti yangu akawa anaongeza mafuta asubuhi na mchana anaongeza tena. "Mama, hii mashine inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi," akasema. Wiki ya pili, rafiki yangu wa Ngorongoro aliposhuka na punda wake, gunia lake la kwanza likasagwa, la pili likafika katikati, na mlio ukabadilika. Ukawa mzito, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Halafu ukatoka mlio mmoja wa chuma, mkali, na kukawa kimya.

Rafiki yangu akachungulia kwenye bomba la unga. "Kokoo," akaniita, maana kwao ndivyo wanavyomwita bibi, "mashine yako imekufa na unga yangu mdomoni?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, niliona binti yangu ameshika kichwa.

Shemeji yangu alifika kabla injini haijapoa. Akaizunguka, mikono nyuma. Akatoa simu, akarekodi sauti kwenye kundi la kitongoji, na kundi lile lina watu mpaka Buger na Baray, waliooa na kuolewa huko. Akasema, "Ndugu wana kundi, ninawatahadharisha. Yule mzee wa spea kule mjini, yule mnayemjua, ameshaisha. Macho hayaoni. Ameifungua mashine ya marehemu kaka yangu ikiwa inapumua, na ameifunga maiti. Mwenye injini yake ya maana ampelekee fundi wa magari ya watalii."

Na sauti ile ilitembea. Wakulima wa vitunguu wa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi, wanamwagilia kwa pampu za dizeli, na pampu zao karibu zote zilikuwa zinapita mikononi mwa fundi huyu. Baada ya siku mbili tukasikia mmoja amekwenda kuichukua pampu yake karakanani ikiwa bado imefunguliwa, vipande ndani ya beseni. Wa pili akafuata. Mtu amekula kwa mikono yake miwili tangu ujana, watoto wamesoma kwa mikono hiyo, na sasa watu wanachukua vyuma vyao kwake kama wanavyotoa watoto kwenye nyumba yenye surua.

Binti yangu akampigia. Akaiweka simu kwa sauti kubwa, nami nilikuwa napepeta mahindi pale mlangoni. Fundi hakulalamika juu ya yale maneno. Aliuliza kazi tu.

"Moshi ulikuwa wa rangi gani?"

"Bluu, mzee."

"Na mafuta yanapungua?"

"Sana."

"Haiwezekani," fundi akasema. "Moshi huo ni wa laina iliyolainika. Na mimi ile laina niliikwaruza vizuri, mistari imepishana kama inavyotakiwa. Niliikwaruza kwa mkono wangu."

Ungo ukanitoka mkononi. Mahindi yalimwagika mpaka uani, kuku wakaja. Kwa hiyo alikuwa ameikwaruza makusudi. Ile niliyoiona ni aibu yake ilikuwa ndiyo kazi yake yenyewe, na mimi nilikaa kwenye kigoda kutwa nzima nikiifuta.

Niwaambie ukweli, sikusema siku ile. Wala kesho yake. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa bibi wa mabibi na niliogopa kama mtoto aliyevunja kibuyu. Nilikuwa nasikia sauti ya shemeji ikichezwa kwenye simu za watu njiani, na kila ikichezwa nilijua anayesemwa ni mzee yule na kosa ni langu, na miguu yangu ilikuwa inapita haraka.

Fundi akaja siku ya tatu. Hiyo ndiyo siku niliyoanza nayo, ya sisi watano; rafiki yangu wa Ngorongoro alikuwa bado kwangu, anangoja unga wake.

Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kile kigoda changu. "Karibu, fundi," akasema. "Leo umekuja na miwani au bila?"

"Nimekuja na spana," fundi akajibu, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia.

"Spana haina macho."

"Wala masikio, ndiyo maana haikoseshwi usingizi na maneno ya watu. Nisogezee hilo beseni, bwana."

Na shemeji akalisogeza. Hata yeye hakujua amelisogeza.

Alifungua polepole, kila bolti akiiweka kwenye beseni kwa mpangilio wake. Pistoni ikatoka imechubuka ubavuni, michirizi mirefu kama ya kucha za paka. Akapitisha kitambaa ndani ya laina. Akafumba macho. Akapitisha ukucha. Alianza juu, akashuka, akafika chini kabisa, na pale chini akasimama. Akarudia. Akafungua macho, akawasha tochi ya simu, akainama akatazama sehemu ile ya chini.

Nikaelewa baadaye aliona nini. Kule chini ringi hazifiki. Hata pistoni ingechubua vipi, mistari ya fundi ya kule chini ilipaswa kuwapo bado, kama alivyoiacha. Nayo haikuwapo. Palikuwa pameng'aa kama sufuria ya mama mkwe. Mashine haikuweza kufanya vile. Ni mkono uliofanya, na mkono wenyewe ni wa mtu asiyechoka kusugua.

Akainua uso. Akaangalia sufuria zangu zilizoanikwa kwenye kichanja nje, zinameremeta. Akaniangalia mimi, mara moja tu, halafu akainamisha macho kwenye kitambaa chake.

"Kazi ni yangu," akasema. "Wakati wa kufunga sikuikagua tena. Mvua, watu, haraka. Kosa langu."

"Ehee!" Shemeji akasimama. "Mmesikia wote? Amekiri mwenyewe. Subiri, subiri nirekodi, rudia hapo, mzee."

Fundi akafuta mikono. Alikuwa tayari kurudia. Naapa alikuwa tayari, alikuwa ameshafungua mdomo. Mtu ambaye pampu zake zimetolewa uani kwake, ambaye amekwisha kulijua jambo lote kwa ukucha mmoja, alikuwa anataka kuimeza aibu yangu ili mimi nisiionje.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikarudia kwa sauti. "Ni mimi niliyesugua. Fundi aliikwaruza vizuri. Mimi nikaifuta. Kwa msasa na jivu, kutwa nzima, siku ya mnada. Nilidhani ameharibu, nikataka kumfichia."

Binti yangu akageuka. "Mama! Hilo jivu lililokwisha jikoni siku ile?"

"Ndilo."

Wa kwanza kucheka alikuwa rafiki yangu wa Ngorongoro. Alicheka mpaka shanga zake zikalia, akajishika ukutani. "Kokoo, wewe! Siku moja utasugua mpaka punda yangu! Nikija asubuhi nakuta haina rangi!" Kisha akajipangusa macho, akasema kwa upole, "Lakini hata ngozi hujui? Ngozi ya ng'ombe tunakwangua kwanza. Ukipaka mafuta kabla ya kukwangua, mafuta inakaa juu tu, inaondoka. Ukikwangua ndiyo inaingia inakaa."

Fundi akampigia makofi mawili madogo. "Mama amemaliza. Mimi nimesoma karakana miaka, sijawahi kulisema fupi hivyo."

Kisha akaniomba mfuniko wa sufuria, ule unaong'aa kupita yote. Nikamletea. Akachukua msasa, nusu ya mfuniko akaikwaruza mistari ya kupishana, na mimi nilijikaza nisipige kelele. Akadondosha tone la mafuta upande unaong'aa, na tone lingine upande wa mikwaruzo, akasimamisha mfuniko wima, akapitisha kidole pande zote mbili, kama ringi inavyopita.

"Tazama, dada."

Upande wangu ulikuwa mkavu, mafuta yote yameondoka na kidole yakateremka. Upande wake mafuta yalibaki ndani ya mistari, madogo madogo, yanameta.

"Ringi ikipita inafuta," akasema. "Kazi yake ni kufuta. Sasa ikishafuta, ikirudi inakuta nini? Pakiwa na vijia, inakuta mafuta yamejificha humo yanaisubiri. Pakiwa kioo, inakuta chuma."

"Kwa nini basi usikwaruze sana, mifereji mikubwa kabisa?" binti yangu akauliza. Huyo ni baba yake mtupu, hakubali kitu mpaka akigeuze.

"Ukikwaruza sana inakuwa tupa, inazila ringi. Ni mistari ya kukamata mafuta tu, isiyokamata chuma. Msasa wenyewe ndio huu, si mkali sana wala laini sana. Na mkono uende hivi, mistari ikutane mshazari. Ikisimama wima mafuta yanashuka yote chini. Ikilala sana yanabanwa, hayatembei."

Nikakaa chini juu ya gunia. Nilikuwa naona shamba langu. Mteremko wetu huku, ukiulima ukauacha laini, mvua ya kwanza inashuka nao mpaka korongoni na udongo wote. Marehemu alinifundisha kuukata kwa matuta, yanakwenda mshazari kidogo, si wima na si kulala, maji yatembee lakini yasikimbie. Mwaka ule wa ukame tulivuna sisi, na shemeji yangu aliyelima laini hakuvuna, na hilo sijawahi kumkumbusha mpaka leo ninapoandika. Nimelima matuta maisha yangu yote. Jiwe langu la kusagia, kabla ya mashine, nilikuwa naligonga kila likilainika lirudishe meno. Nilikuwa nayajua haya yote kwa mgongo na kwa mikono, na nilipoyaona ndani ya chuma sikuyatambua.

Nikamwambia fundi hivyo, habari ya matuta. Alisimama na msasa mkononi, akafikiri. "Miaka yote hii," akasema, "natafuta namna ya kuwaeleza watu wa Baray kwa nini naikwaruza pampu nzuri. Wanadhani nawaharibia. Kumbe neno ni matuta."

Bado kulikuwa na lile jambo la kundi. Nikamnyooshea shemeji mkono. "Nipe simu."

"Shemeji, tuliache tu, litaisha lenyewe."

"Lako lilitembea mpaka Baray. Na langu lina miguu. Nipe."

Alinipa, akaniminyia yeye mwenyewe pale pa kurekodi, na nikaona anakwepa macho yangu. Nikasema jina langu kamili, na la baba yangu, ili asiwepo wa kuuliza ni bibi yupi. Nikasema mashine imeuawa na mikono yangu, si ya fundi. Nikasema fundi huyu ukucha wake mmoja unaona kuliko macho ya kitongoji kizima, na kwamba aligundua ni mimi akataka kujifanya ni yeye. Nikasema mwenye pampu yake iliyo kwenye beseni airudishe mahali inapojulikana. Nilisahau kuachia kile kitufe, kwa hiyo kundi lote lilimsikia pia rafiki yangu akiuliza lini atapewa nusu ya unga wake.

Shemeji akaichukua simu. Akaitazama. Kisha naye akarekodi, kifupi, akiwa ametugeuzia mgongo: "Alivyosema shemeji ndivyo. Mimi nilisema nisichokijua."

Ile michirizi haikuwa imeingia sana, fundi alisema laina itapona. Siku iliyofuata alikuja na pistoni nyingine na drili ya kuzungusha kwa mkono iliyofungwa vijiwe vitatu vyembamba, akaipitisha ndani ya laina huku binti yangu akimiminia mafuta ya taa. Mistari ikarudi, safari hii mizuri zaidi, kama ukili uliosukwa na mtu mwenye subira. Akaniita, akachukua mkono wangu, akaniwekea ukucha wangu ukutani.

"Pitisha."

Nilipitisha. Unasikia kama unapita juu ya kitambaa cha kitani. Haukwami, hautelezi. Nikafumba macho bila kujua.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa," akasema, "kuna kazi moja hapa sina mtu wa kunifanyia kama wewe. Vijiwe vimeacha unga wa chuma ndani ya mistari. Ukibaki, unasaga. Unatakiwa uoshwe kwa maji ya moto na sabuni na brashi, mpaka kitambaa cheupe kikiingia cheupe kitoke cheupe. Mafundi wengi hapo wanachoka. Kwa brashi na sabuni, dada. Msasa na jivu vikae jikoni."

Nilitia maji motoni. Niliosha. Kitambaa cha kwanza kilitoka kijivu, cha pili kijivu, cha tatu vilevile, na binti yangu akasema yatosha, fundi akasema bado, nami nikasema bado. Sikumbuki kilikuwa cha ngapi kilipotoka cheupe. Fundi alikiinua akakielekeza kwenye jua, vilevile kama mama mkwe, akakigeuza pande zote.

"Hiki," akasema, "ningekipeleka mjini nikawaonyeshe."

Tukapaka mafuta wakati uleule. Alipofunga alipitisha ukucha kwanza, mbele ya wote, bila haraka. Mashine ikawaka. Moshi ulitoka kidogo, ukawa mweupe, ukaisha. Tu-tu-tu. Nikaangalia upande wa bondeni kana kwamba kuna mtu kule ameegemeza jembe anasikiliza.

Wakati fundi anafungasha simu yake ikaita. Aliiweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Ilikuwa sauti ya mtu wa vitunguu, yule wa beseni. Akasalimia kwa kirefu, akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza mvua. Mwisho akasema, "Mzee, nilikuwa nauliza, kesho upo karakanani?"

"Nipo," fundi akasema. "Ila usiisugue."

Rafiki yangu akapakia punda, magunia yake mawili, ile nusu sasa imekamilika, akaondoka akicheka mpaka tulipoacha kumwona njiani. Tangu hapo kila akishuka anapita kwenye kichanja changu na kuuliza kwa sauti kubwa kama kuna kitu nimekificha kwa kukisugua. Na mashine bado inasaga. Binti yangu ndiye anayepitisha ukucha siku hizi ikifunguliwa, na fundi anasimama kando na kikombe cha chai, anamwangalia kama nilivyomwangalia yeye.

Nimeandika nilivyokumbuka. Majina sikosei, lakini siku ninaweza kuzichanganya. Inawezekana fundi alikuja siku ya nne na si ya tatu, na inawezekana punda walikuwa wanne au watatu na mmoja alibaki kwa mimba. Shemeji anasema hakukaa kwenye kigoda, alisimama. Mimi nimeandika alikaa. Kama ulikuwapo pale kibandani, au nje juu ya magunia, na unaona nimekosea mahali, njoo nyumbani uniambie nisahihishe. Ila jambo la nani aliyesugua, hilo liacheni kama lilivyo.